Jina la Kumi na Nne kwenye Safari ya Sinda

Alhamisi. Kusi linavuma tangu alfajiri, vumbi la Temeke limeingia mpaka kwenye mtungi wa maji. Mikono yangu inanuka moshi.

Nimefanya jambo baya leo. Naliandika kabla sijalitafutia maneno mazuri.

Jumapili chama chetu cha ngoma kinakwenda kisiwa cha Sinda, kushinda na kurudi. Wazo lilikuwa langu. Tangu niolewe, miaka tisa sasa, sijatoka kwenda popote isipokuwa msibani au harusini. Bi Hidaya, kiongozi wetu, alikwenda mwenyewe kwa Liwali kuomba ruhusa ya kupiga ngoma huko. Nahodha wa mashua kasema watu kumi na wanne, asizidi hata mmoja, maana bahari ya mwezi huu si ya kuchezea. Mie ndiye ninayeshika orodha, kwa kuwa nilisoma shule miaka minne na mwandiko wangu unasomeka. Mpaka jana tulikuwa kumi na watatu.

Asubuhi akaja Zaina.

Zaina ni mke mwenzangu. Mume wetu, Shomari, alimwoa mwaka jana, akampangishia chumba Chang'ombe. Sikupinga. Miaka tisa sijamzalia, ningesema nini? Ila kwangu Zaina alikuwa hajawahi kuingia, na mie kwake sikuwahi kukanyaga.

Alipiga hodi, akaniamkia shikamoo kama mtoto anayengoja kukaripiwa. Akasema Bi Hidaya kamruhusu kuja Sinda, amefuata kanga ya sare. Nikampa aijaribu. Alipoinuka mkekani nikaona doa la damu kwenye kanga yake ya ndani, bichi. Nikamuuliza kama yuko kwenye siku zake. Akasema hapana, haraka mno, akajifunga kanga mpya juu ya ile ya zamani, halafu akaegemea ukuta amejishika kiuno. Juzi, tulipokuwa kwa Bi Hidaya, nilimwona anatoka mbio nyuma ya nyumba kutapika kwa harufu tu ya samaki.

Nikajua.

Nikachukua kalamu, nikaandika jina lake. La kumi na nne.

Natamani niseme sikufikiri. Si kweli. Nilifikiri vizuri sana. Niliiona mashua inavyorushwa na mawimbi, nikamwona yeye ndani yake, na sikuiweka kalamu chini. Nikamwambia hata awahi, saa kumi na mbili asubuhi, Magogoni. Akashukuru. Akaniita dada.

Alipoondoka nikaendelea kupanga safari: nani alete sufuria, nani abebe maji ya kunywa, visheti vikaangwe Jumamosi kwa nani. Maharage yakaungua. Nikayamwaga, nikabandika mengine, nayo yakaungua. Niliswali adhuhuri, sikumbuki nilisoma nini.

Baada ya alasiri nikajitanda, nikatoka. Njiani nilijiambia nakwenda sokoni. Nilipofika kwenye karakana za Chang'ombe nikaacha kujidanganya, nikamuuliza mwanamke mmoja anayeuza mbaazi, mke mdogo wa Shomari wa bandarini anakaa wapi. Hata kuuliza hivyo kuliniuma.

Nilimkuta amelala ubavu, magoti kayakunja mpaka kifuani. Kanga ya sare ilikuwa imekunjwa vizuri juu ya sanduku.

"Zaina, una mimba," nilimwambia hata sijakaa. "Jumapili huendi popote."

"Si mimba, dada. Ni tumbo tu."

"Nimeona damu."

Akaanza kulia bila sauti. "Usimwambie mtu, nakuomba. Nikisema nina mimba, halafu ikatoka, si wataniita mgu..."

Akajiziba mdomo. Alikumbuka anazungumza na nani.

Neno hilo nimeitwa mara nyingi, nyuma ya mgongo na mbele ya uso. Sijui kwa nini leo halikunichoma. Nilimwekea mto chini ya miguu, nikamwomba jirani akamwite Bi Hidaya, maana yeye ndiye mkunga wetu.

Bi Hidaya akaja anahema. Akampapasa tumbo, akaitazama kanga, akauliza maswali kwa sauti ya chini.

"Bado ipo," akasema. "Itakaa au haitakaa, hilo ni la Mungu. Ila alale, asinyanyue hata ndoo. Angepanda mashua huyu, tungemrudisha katika hali nyingine." Kisha akanigeukia. "Umefanya vyema kuniita, mwanangu."

Nilishindwa kumtazama.

Alipotoka, Zaina akasema, "Dada, ile damu uliiona lini?"

Ningeweza kumwambia nimeiona pale pale kitandani. Angeniamini.

"Asubuhi," nikasema.

"Kabla hujaandika jina langu?"

"Kabla."

"Mbona ukaliandika?"

"Nilitaka uende."

 

Akageukia ukutani. Nikabaki nimekaa. Shomari yuko kwenye zamu ya meli mpaka kesho, na pale ndani hapakuwa na kitu kilichopikwa, basi nikawasha moto, nikampikia uji, nikauweka karibu yake. Ulipoa. Baadaye sana, akiwa bado amenipa mgongo, akanyoosha mkono, akakichukua kikombe. Akanywa nusu. Hakusema asante, wala sikuitaka.

Jirani amekubali kulala naye. Mie nikapitia kwa Bi Hidaya, nikamwachia orodha, jina lake na langu nimeyafuta. Watakwenda kumi na wawili. Kwa jinsi nilivyoitamani Sinda, nilidhani ningelia. Sijalia.

Ninachoogopa ni kingine. Mimba hii ikitoka, nitajiambia nini, kwamba mie sikumpandisha mashuani? Kwamba ilianza kabla sijashika kalamu? Na ikikaa, akazaliwa mtoto, nitaweza kumpakata?

 Asubuhi nitapika uji, niupeleke Chang'ombe, nipige hodi. Akikataa kuniitikia, nitakaa nje mlangoni mpaka atakaponitaka.