Nani Kaisogeza Zamu ya Mama Habona?

Jumanne, jioni. Garsen.

Joto la leo limenikaa kifuani. Mawingu yalijikusanya upande wa juu wa mto, kule Bura na Hola, kama yanavyofanya kila siku wiki hii, kisha yakatawanyika bila hata tone. Chai yangu imepoa mezani.

Naandika hapa kwa sababu nisipoandika nitaendelea kuufungua ule ukurasa, na kila nikiufungua naogopa kuugusa.

Ngoja nianze Jumapili, nilipokuwa bado mtu mwenye furaha zake.

Kikundi chetu cha wakulima wa kando ya mto kina pampu moja, mfereji mmoja na mashamba kama dazeni, moja likiwa la mama yangu. Tunamwagilia kwa zamu, siku moja shamba moja, na Komora wa pampu ndiye anayemfungulia maji mwenye zamu. Zamani tulikaa karibu na mashamba na kila mtu alijua leo ni nani. Baada ya mafuriko wengi wetu tulihamia huku mjini, na mtu anaweza kupanda boda mpaka shambani akute maji yanaenda kwa jirani. Ndipo wakaniambia, wewe uliyesomea kompyuta, tutengenezee kitu tuone zamu kwenye simu.

Nikatengeneza. Ukurasa wa mtandao wenye jedwali, na kila mstari una jina la mtu, shamba lake na alichopanda. Aliye juu kabisa ndiye anayefuata kupata maji. Kila mtu anaingia kwa namba yake ya siri. Walitaka jambo moja tu zaidi, kwamba mistari iweze kuhamishwa, maana huku watu wanaachiana zamu kila mara. Mtu ana msiba, au mpunga wake umefika pabaya, jirani anamwambia chukua yangu, na yameisha. Hakuna kikao wala mkutano.

Basi nikaweka ile ya kuugusa mstari, kuuvuta na kuuachia pale unapoutaka, huku mistari mingine ikijisogeza yenyewe kuupisha. Kwenye kompyuta iliitika vizuri, kwenye simu ikanigomea. Kidole si kipanya, simu haikielewi vile vile. Nikaiandika upya sehemu yote ya kugusa, mpaka ikafika mahali kidole kikigusa tu mstari unanyanyuka. Kugusa tu! Nilijivunia hilo kuliko yote. Jumapili baada ya ibada niliwaonyesha, wakapiga makofi. Mjomba wangu Jilo alikuwa akivuta mistari juu na chini kama mtoto aliyenunuliwa kigari, mpaka nikamnyang'anya simu na kurudisha kila kitu mahali pake.

Leo asubuhi ilikuwa zamu ya Mama Habona.

Mama Habona shamba lake limepakana na letu. Ni mjane, analima peke yake, na mpunga wake ndio unachanua sasa hivi. Kwa asiyelima mpunga: ukichanua bila maji, masuke yatasimama mazuri kabisa, ila siku ya kupura unakuta mapepe. Makapi matupu, hakuna kitu ndani. Kwa hiyo aliingoja siku ya leo kama mtu anavyongoja mgeni. Akafika shambani alfajiri, akakuta maji yanaingia kwa Jilo.

Kwa mjomba wangu. Kati ya watu wote.

Nilipigiwa simu nikaenda mbio. Nilipofika pampu ilikuwa imezimwa ipoe na shamba la mjomba limeshakunywa likashiba. Komora alikuwa anajitetea kabla hata sijashuka kwenye boda. "Mimi nafuata simu. Simu imesema Jilo, mimi nimemfungulia Jilo. Sasa kosa langu liko wapi?" Mjomba naye amesimama na matope miguuni, amefadhaika. "Mimi nilijua ameniachia. Nikasema nikimwona nitamshukuru."

Na hapo ndipo tulipoumia. Kwingine mtu akiona jina lake limeruka juu angeuliza kulikoni. Huku kwetu hakuna aliyeshtuka. Jina lako likipanda ni jirani amekufikiria, unachukua maji na shukrani unaipeleka baadaye. Upole wetu wenyewe ndio uliolificha kosa.

Nikafungua ukurasa mbele yao. Jilo juu kabisa. Mama Habona chini kabisa.

Waliniangalia, wakamwangalia mjomba, wakarudi kwangu. Mimi ningekuwa wao ningefikiria vile vile walivyofikiria.

Mama Habona akasema, taratibu tu, "Mwanangu, kama mjomba wako alikuwa na shida ungeniambia. Ningempa." Hakupaza sauti. Afadhali angenitukana.

Nikaapa kwamba sikugusa kitu. Niliapa kwa nguvu, mkono juu.

Kisha nikakaa kwenye tuta la mfereji, nikaisoma ile zamu kama mkulima anavyoisoma. Kioo cha simu kinaonyesha watu wanne tu. Ukitaka kuwaona wa chini lazima upitishe kidole gumba kupandisha jedwali. Nikapitisha. Mstari ukanasa kwenye kidole, ukapanda nacho, na nilipoinua kidole ukatulia pale pale ulipofika. Ukahifadhiwa. Haukuniuliza chochote.

Nikajaribu tena. Mwingine ukahama.

Kwa hiyo tangu Jumapili, kila aliyefungua ukurasa kutazama zamu yake alikuwa anachanganya zamu za wenzake bila kujua. Kwenye simu mimi nilijaribu kuvuta tu; jedwali zima nililitazamia kwenye kompyuta, ambako lote linaenea, hakuna haja ya kupandisha wala kuteremsha. Sikufikiria hata kidogo mtu aliyeko juani na simu iliyopasuka kioo, anayetaka kuona jina lake aende zake.

Nani basi aliyemsogeza Mama Habona? Ukurasa haujui. Unakumbuka mpangilio wa mwisho, haukumbuki ni kidole cha nani. Anaweza kuwa yeyote. Na jana, nikiwa nimejilaza, mimi mwenyewe niliufungua. Sikuwa na kazi nao. Niliufungua kuufurahia tu, nikapitisha juu, nikapitisha chini, nikauzima.

Huenda ni mimi.

Huenda nimeapa uongo mbele ya mpunga wa mjane.

Niliwaambia pale pale kwamba kosa ni la ukurasa, yaani ni langu. Nikawaonyesha kidole, nikawaonyesha mstari unavyonasa. Waliitikia kwa vichwa. Lakini maelezo ya kweli yakija baada ya mjomba wako kupata maji yanasikika kama kisingizio, na nilijisikia mwenyewe nikiongea sana.

Nikarudi nyumbani nikafungua kompyuta. Sehemu ya kidole ilirekebishika upesi, mpaka inatia aibu. Niliweka kishikio kidogo pembeni ya kila mstari, vidoti sita. Ukigusa kwingine unapandisha jedwali tu. Mpaka ushike vidoti ndipo mstari unyanyuke, na kabla ya kuhifadhi unaulizwa kama kweli unataka.

Baada ya hapo nikachukua simu, nikakishika kishikio cha Mama Habona. Nilikuwa na uwezo. Mvuto mmoja tu na angekuwa juu, na kesho maji yake. Kidole kilikuwa kimeshagusa kioo.

Nikakumbuka majembe.

Kabla ya simu zamu zetu zilikuwa majembe. Kila mwenye shamba alilaza jembe lake kwenye mstari pale mdomoni mwa mfereji, na nilipokuwa mdogo nilikuwa natumwa kupeleka la mama. Ukitaka kumpisha mtu, unaenda unalichukua jembe lako unalilaza nyuma ya lake. Lako unaweza kulirudisha nyuma hata kila siku. La mwenzako huligusi. Hata ukilikuta limeteleza majini, unamwita mwenyewe aje alitoe. Sikuwahi kuambiwa sababu, na sikuwahi kuuliza, kama vile hakuna anayeuliza kwa nini hafunui chungu cha jirani.

Nimekua najua hivyo. Halafu nikatengeneza jedwali ambalo kila mtu anashika jembe la kila mtu, na nikapigiwa makofi.

Nikaondoa kidole. Nikaandika upya: mtu anasogeza mstari wake peke yake, na anausogeza kurudi nyuma tu. Hakuna anayejipandisha, hakuna anayempandisha mwingine. Hata mimi. Nilijifungia nje na nikajua wakati najifungia kwamba sasa Mama Habona siwezi kumsaidia. Atapanda ikiwa tu wote walio juu yake watashuka.

Nikaandika kwenye grupu letu la simu. Nikaeleza kosa, nikaomba radhi, nikamalizia, "Aliye tayari kumpisha Mama Habona ajirudishe nyuma mwenyewe. Asiye tayari hajakosa."

Sentensi hiyo ya mwisho niliifuta na kuiandika tena mara nyingi. Niliogopa wataishika kama ilivyo.

Nikangoja. Alama za kusomwa ziligeuka bluu moja moja na hakuna aliyejibu. Wote wana mimea inayolia kiu, siyo Mama Habona peke yake. Kuna wa matikiti, kuna wa pojo, kuna aliyepanda upya baada ya nyani kumtia hasara. Nilipiga deki chumba kilichokuwa safi. Nikajiambia kwamba wamekaa mahali wananijadili. Nikatunga kichwani jinsi nitakavyohama Garsen.

Kisha wa matikiti akashuka. Hakuandika neno. Mstari wake ulitoka tu pale juu ukaenda mwisho. Nikasimama. Akafuata wa pojo, akafuata Komora kwa shamba lake dogo, mjomba Jilo na wengine wakafuatana. Kila mmoja akishuka Mama Habona anapanda hatua, bila mtu kumgusa. Mpaka jua linaanza kulegea alikuwa amebakiza mstari mmoja juu yake.

Mama yangu.

Mama ana kabambe, simu ndogo isiyo na mtandao, kwa hiyo namba yake ya siri ninayo mimi. Mahindi yake yameanza kukunja majani, nimeyaona leo kwa macho yangu nikiwa pale shambani. Na mchana kutwa nimewaomba watu wa nyumba nyingine, huku mama yuko nyuma ya nyumba anachambua kunde, na sikuwa nimemwambia. Nilikuwa namwogopa yeye kuliko wote. Nilikuwa naogopa atasema ndiyo kwa ajili yangu, au atasema hapana kwa ajili ya mahindi. Ningeweza kushika vile vidoti sita nikamaliza. Ukurasa ungeniruhusu.

Nikaenda nyuma ya nyumba. Nikasema yote kwa pumzi moja.

Mama hakuinua macho kwenye ungo. "Umewamaliza wote, ndipo unanifikia mimi?"



Akaendelea kuchambua kidogo, akaweka ungo chini. "Namwachia. Lakini hiyo simu yako iache ndani. Mtu anaambiwa." Akajifunga leso, akatangulia.

Mama Habona tulimkuta nje kwake, amekaa, hafanyi chochote. Mimi sijawahi kumwona amekaa hafanyi chochote. Mama hakuzunguka. "Mama Habona, kesho maji ni yako. Mahindi yangu yatangoja."

"Na yakikauka?"

"Yakikauka utanilisha wali mpaka uchoke na mimi."

Wakacheka, wote wawili, na mimi nikataka kulia. Kisha Mama Habona akageuka kwangu. Nikaanza kutafuta maneno ya kuomba msamaha tena, lakini hakuningoja.

"Na wewe kesho uwahi. Sina mtu wa kunishikia maji."

Kushika maji ni kusimama ndani ya shamba na jembe, unafungua udongo hapa, unaziba pale, mpaka maji yafike kila pembe. Ukikosea sehemu moja inazama na nyingine inabaki kavu. Ni kazi ya matope na ya macho, na mwenye shamba hamwiti mtu ovyo. Au anamwita aliye karibu kwa sababu hana mwingine.

Tuliporudi mama akanyoosha mkono nimpe simu. Nikamwonyesha vidoti. Mara ya kwanza mstari ulimponyoka, akaguna, akaushika tena, akausogeza mwenyewe mpaka nyuma. Ukurasa ukamuuliza kama kweli anataka. Nikamsomea. Akasema, "Si nimeshasema?" Akabonyeza.

Nimejaribu kufurahi tangu hapo. Mama Habona yuko juu, ukurasa umepona, hakuna aliyenitukana. Lakini bado nauona ule uso wake wa asubuhi, na bado sijui kidole kilikuwa cha nani. Na zile njia za maji sijazishika tangu nikiwa shule, naogopa nitamkaushia pembe moja nimmalizie kabisa.

Nimetayarisha jembe, liko mlangoni. Sijui kama jioni hii nimesamehewa, au Mama Habona amekosa tu mtu mwingine wa kumwita.

Nitakwenda, hata kama ni hilo la pili.