Besi Yako Haikusikika Werugha

Mwadime, rafiki yangu,

Nimekaa studio peke yangu. Voi imenyesha leo, mvua kidogo tu ya kulaza vumbi. Nataka hili ulisikie kwangu kabla ya mtu mwingine yeyote: nimeubadilisha wimbo wako. Ule wa mwisho, wa kina mama wa kwaya.

Tangu tufungue hiki chumba ubishi wetu ulikuwa mmoja, besi ikae wapi. Mimi nilitaka mono, ikae katikati, sauti ile ile kwa spika ya kushoto na ya kulia. Wewe ulitaka stirio, itandazwe huku na huku, imzunguke msikilizaji. "Wakesho, besi ya katikati ni mtu aliyefungwa kamba," ulikuwa ukisema. Nami nakujibu, "Besi ni msingi wa nyumba, Mwadime. Nani anatandaza msingi?" Basi unacheka mpaka unakohoa.

Siku uliyorekodi wimbo huo miguu ilikuwa imevimba, viatu haviingii. Ulipiga umekaa, miguu mitupu, gitaa lako la besi limelalia tumbo. Ulipomaliza ukavaa hedifoni, ukaipanua besi hadi mwisho, ukasema, "Hii usiiguse." Sikuigusa. Kwenye hedifoni, kusema kweli, ilikuwa tamu. Haikuchukua muda, figo zikakataa kabisa.

Tulikupandisha nyumbani kwenu Werugha kukuzika. Ukungu ulikuwa mzito hata wale waliokaa juu kwenye matuta ya sukuma wiki walisikika tu, hawaonekani. Pasta akatangaza kwamba sasa tutamsikia Mwadime mwenyewe akipiga. Spika ya kanisa ilikuwa moja. Wimbo ukaanza. Kina mama wakasikika, kinanda kikasikika, ngoma pia. Wewe hukuwepo.

Mwadime, hukuwepo. Nilidhani ni masikio yangu, ni kulia. Halafu mama yako akanigeukia, akanishika mkono. "Wakesho, mbona simsikii mwanangu? Anapigia wapi hapa?"

Ningeanzaje, pale kando ya kaburi, kumweleza mambo ya mawimbi ya sauti? Nilimwambia tu, "Yupo, mama." Watu wakaimba mpaka mwisho, juu ya kitu ambacho hakikuwepo.

Niliporudi Voi niliufungua wimbo, nikaunganisha pande mbili ziwe moja, kama ilivyofanya spika ile. Besi ikapotea vile vile. Ulipoipanua, wimbi la kushoto likawa linapanda wakati la kulia linashuka. Kwenye hedifoni kila sikio linapata lake. Ukiyaweka pamoja, yanauana. Ndiyo niliyokuwa nikikuambia miaka yote, na sasa nilikuwa na ushahidi. Nikageuka nikuonyeshe. Nimeshageuka hivyo mara nyingi, bado sijazoea.

Kwaya wanautaka wimbo uchezwe makanisani, na makanisa mengi huko milimani spika ni moja. Nilikaa na wimbo huo siku nyingi bila kugusa kitu, kwa sababu ulisema nisiguse. Mwishowe nikazichukua zile noti za chini nikazirudisha katikati. Mlio wa vidole vyako kwenye nyuzi nimeuacha pembeni, huku na huku, ulivyopenda. Nimeshinda ubishi, na moyo wangu umepoa kama jivu.

Jumamosi nikapanda Werugha na spika moja. Mama yako alikuwa ametoka kukamua. Akaketi jikoni, mikono bado ina maziwa, nikamwekea. Safari hii wewe ulikuja, mzito, chini ya sauti zote, hata vikombe vikatetemeka mezani. Akainamisha kichwa. Wimbo haukufika nusu.

"Zima, mwanangu," akasema. "Sasa namsikia mno."

Nikazima. Tukanywa chai. Wakati wa kushuka aliniuliza kama nitarudi na ile spika, nikamwambia nitarudi.

Kwa hiyo hii ndiyo ahadi yangu kwako. Wimbo kama ulivyouacha wewe sijaufuta, nimeuhifadhi kwa jina lako, hautaguswa na mtu. Na huu mwingine nitakuwa nikimpandishia mama yako. Akisema nizime, nitazima. Siku atakayoweza kufika mwisho, nitakuwa nimekaa naye hapo jikoni.

Pumzika, Mwadime. Bado nabishana na wewe, ila hunijibu.

Wako,
Wakesho