Kibuyu Kilichooshwa kwa Sabuni

Jumatatu, 4 Agosti
Baridi. Hapa Boito, kituo cha kununulia chai, majani ya chai yamekuja machache. Nimekagua, nimekataa magunia mawili yenye mabua. Sijamfokea mtu. Jioni darasa la kudhibiti hasira la Madam Akinyi, mshauri wa zahanati. Watu wazima sita tumefumba macho kusikiliza pumzi. Najiona mjinga.

Wiki ya tano tangu Nancy, mke wangu, aende kwao Londiani na Chebet wetu. Sijawahi kuwapiga. Nilikuwa navunja vikombe tu. Hiyo "tu" Madam hakuipenda.

Jumatano, 6 Agosti
Madam amenipa jani la chai. Nilishike dakika tano, nisilikague. Miaka kumi na tisa ya ukarani, na sikujua jani changa lina vinyweleo chini. Anasema hasira nayo niitambue mwilini kabla haijafika mdomoni. Yangu huanzia kwenye taya la kushoto.

Ijumaa, 8 Agosti
Nancy amepiga simu. Wanakuja kesho, siku mbili. "Baba Chebet, ukivunja kitu hata kimoja, mimi sirudi tena." Hakupandisha sauti. Naogopa. Nimeficha vikombe, kisha nikavirudisha.

Jumapili, 10 Agosti
Walifika jana. Leo nimerudi kutoka kanisani nikakuta kibuyu cha marehemu mama kimeanikwa uani. Kile cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Mama alikisugua ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet maisha yake yote. Sabuni haikukigusa. Chebet amekiosha kwa sabuni ya unga na waya wa sufuria.

"Baba, nimekuoshea. Kilikuwa kichafu sana."

Taya. Shingo. Mikono. Nancy mlangoni. Kabla sijasema neno, mtoto akajikinga kichwa. Hilo liliniuma kuliko kibuyu. Nikapumua mara saba. Taya bado limekaza. Nikakaa chini kwenye nyasi, mzee mzima na suti ya kanisa. Nikasema nimekasirika sana, na sitavunja kitu. Nikaenda nyuma ya nyumba nikalia. Mama alipokufa sikulia.

Jumatatu, 11 Agosti
Begi la Nancy liko mlangoni, limefungwa. Sijauliza. Nimechoma tawi la senetwet, nikamwonyesha Chebet kusugua polepole. Tumetia maziwa.

Alhamisi, 14 Agosti
Zile siku mbili za Nancy zimepita na hakuna aliyezitaja. Tumefungua kibuyu. Mursik inanuka sabuni. Chebet alikuwa ananitazama. Nikamwambia ukweli, ni mbaya kabisa. Akacheka, mikono yake mapajani. Nikamaliza kikombe.