Kipimo cha Mguu wa Kageha

Shauri Moyo,
Nairobi.
Jumamosi, tarehe 8 Novemba 2025

Mpendwa Senge Millicent, shangazi yangu,

Mirembe. Nisamehe kwa kunyamaza muda huu wote. Barua yako ya Julai Patrobas alinipa mkononi alipokuja kutoka huko nyumbani, nikaisoma mara moja, nikaiweka chini ya mkebe wa majani chai, na hapo imekaa hadi leo. Sitasema sikuwa na nafasi. Nafasi ilikuwepo. Nilikuwa nakaa na karatasi mbele yangu, halafu naamka naenda kuanika nguo za mtoto.

Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua bado unaitumia, ama umeiacha kama unavyoacha dawa zote ukiona nafuu kidogo? Ng'ombe alizaa salama? Patrobas alisema mvua ya mawe iliwapitia. Natumaini haikugusa majani chai. Tafadhali usiwe unachuma mwenyewe kule mteremkoni na hilo goti. Kuna watu wa kufanya hiyo kazi.

Sisi huku tuko. Job ametembea. Alipiga hatua nne kutoka kitandani hadi kwenye ndoo ya maji, akaanguka, akainuka. Majirani walipiga makofi. Mimi nilimwangalia nikawaza kwamba sasa ndoo itabidi iwekwe juu. Baba wa Job na Kageha hajarudi na nimeacha kuuliza. Hata wewe usimuulizie kwa watu wake, Senge. Majibu yao yananichosha kuliko kutojua.

Kuna jambo la kazi ambalo sijakuambia. Unajua wale Wakolombia wa Lavington waliondoka, na miaka sita niliyolea watoto wao iliniachia Kihispania, maana wale watoto hawakuwa na lugha nyingine ya kuombea maji. Nilikuambia napiga deki katika shule ya lugha ya Madam Nduta, Buruburu. Nilikuwa napiga deki kweli. Lakini Februari mwalimu wa watoto wadogo alikosa kuja siku tatu, watoto wakawa wanapanda meza, nikaegemeza ufagio ukutani nikawakalisha kwa Kihispania. Wakakaa. Madam alikuwa mlangoni. Akasema, "Kumbe nimempa profesa ufagio." Tangu siku hiyo nafundisha.

Sasa Madam amesema kuanzia Januari hakuna atakayesimama mbele ya darasa lake bila cheti cha mwalimu wa Kihispania. Mimi pia. Mtihani ni tarehe 6 Desemba. Kuna sehemu ya kuandika, hiyo nimejisomea mpaka kitabu kimeachana na jalada. Sehemu ya pili unasimama mbele ya watahini wawili, unawafundisha kitu chochote unachokijua, dakika kumi na tano. Hiyo ndiyo ilinifanya nitafute mtu wa kunisomesha.

Na wewe unajua kwa nini nakitaka hicho cheti. Tulipatana kwamba nikipata kazi ya kueleweka nitamchukua Kageha. Nilimleta kwako ana miaka mitatu, nikasema ni miezi michache tu, Job azaliwe kwanza. Mwezi ujao anatimiza mitano.

Mwalimu wa kwanza niliyempata ni Ndindi, msichana wa Buruburu mwenye digrii ya lugha. Aliniambia nimfundishe kitu rahisi. Nikachagua kufunga kamba za viatu. Nilianza vizuri, nikaeleza hatua ya kwanza, ya pili, akakosea, na kabla sijajua ninafanya nini nilikuwa nimepiga magoti nimemfunga kamba mwenyewe, miguu yote miwili. Alicheka sana. "Ai, Mideva! Umenifundisha ama umenivalisha?" Kisha akasema kwamba Kihispania changu ni cha kuamrisha watoto, vaa, nawa, nyamaza, na kwamba watahini hawajazoea kuambiwa wanyamaze. Nilimpenda yule msichana. Lakini alipata kazi Naivasha, na mimi nikabaki pale pale nilipokuwa.

Wa pili hakuwa mwalimu. Mwezi wa tisa nilipeleka ndala zangu sokoni Kariokor zishonwe, Job mgongoni. Fundi mmoja mzee alijipiga nyundo kwenye kidole akatoa tusi. Senge, lile tusi nililijua. Baba wa Lavington alikuwa akilitoa kila asubuhi gari likikataa kuwaka. Nikamwambia kwa Kihispania, "Mzee, nimebeba mtoto hapa." Aliweka nyundo chini akaniangalia kama aliyeitwa na mtu aliyezikwa. Kuna mama anaitwa Wayua, anauza viondo mkabala naye. Akasema kwa sauti, "Leo Matheka amepata wa kumkemea kwa lugha ya huko!"

Huyo ndiye mzee Matheka. Ni Mkamba wa Wamunyu, mchongaji. Zamani walienda Uhispania na wenzake kuuza vinyago, wenzake wakarudi, yeye akakaa huko miaka tisa. Siku hizi mti wa kuchonga haupatikani kirahisi, kwa hivyo anatengeneza akala, zile ndala za tairi, na mikanda. Nilipomwambia natafuta mtu wa kunisomesha mtihani wa ualimu alicheka akashika meza. "Mama, mimi cheti changu cha mwisho ni cha chanjo." Nikamwambia vyeti si lazima, nataka masikio. Nikamuuliza atataka nini. Akasema atanitajia siku yake ikifika.

Alinitazamisha kwanza, wiki nzima, jinsi anavyotengeneza ndala kutoka mwanzo hadi mwisho. Halafu akasema sasa nimfundishe yeye, kwa Kihispania, kana kwamba hajawahi kushika kisu. Sharti lilikuwa moja. Atafanya nitakachosema, si zaidi, na mikono yangu ikae nyuma, chini ya Job.

Siku ya kwanza nilimwambia achukue ngozi, aiweke sawa, akate. Akakata katikati, ngozi nzuri, pyaa! Nikapiga kelele.

"Mbona hukupima?"

"Umesema kata."

"Lakini wewe ni fundi!"

"Sijui ufundi mimi. Niko darasani."

Wayua akaita kutoka ng'ambo, "Mama Job, utamaliza ng'ombe wote wa Kenya kabla ya huo mtihani!"

Tumeendelea hivyo mara mbili kwa wiki, baada ya darasa langu. Akikosea, mikono yangu inataka kutoka. Naikaza. Nimejifunza kungoja mtu akosee, halafu kumuuliza ameona nini, halafu kumwacha ashike tena. Ni kitu kidogo ukikiandika. Kwangu kilikuwa kigumu kuliko kitabu chote. Nimelea watoto tangu nikiwa na miaka kumi na tisa, na sijui kumwacha mtu na kiatu kilichofunguka.

Mwisho wa Oktoba jozi ya kwanza ilikaa. Soli ya tairi, ukanda, mshono, yote kwa maneno yangu. Mzee aliizungusha mkononi akasema iko sawa, tufanye nyingine nzuri zaidi, ya kuvaliwa na mtu. Akauliza itakuwa ya nani. Nikasema ya binti yangu aliye kwa senge wangu, Vihiga. Akachukua chaki.

"Mguu wake una urefu gani?"

Nilinyoosha mikono nikamwonyesha. Nikaipanua kidogo. Nikairudisha. Senge, sikujua. Kipimo kilichokuwa mikononi mwangu kilikuwa cha yule mtoto wa miaka mitatu niliyemwacha kwako. Mzee alingoja, kama alivyonifundisha kungoja. Halafu akaweka chaki chini akanivutia kiti.

Siku hiyo ndiyo aliyotaja malipo yake. Alitoa simu akaniomba nimsomee ujumbe. Anaongea Kihispania kama maji lakini kukisoma hakuwahi kufundishwa, na Wayua, aliyekuwa akimsaidia kubonyeza, hajui neno. Ujumbe ulitoka kwa binti yake, Nzisa, aliyezaliwa huko Valencia. Ni mtu mzima sasa, anafanya kazi hospitalini. Ulianza hivi: Matheka, natumaini u mzima.

Nilimuuliza, "Anakuita Matheka?"

"Aniite nani? Nilimwacha na miaka minne. Kila mwaka nilisema makaratasi ya kusafiri yakitoka nitarudi. Makaratasi yalipotoka, nikisomewa barua zake, alikuwa ananiandikia vizuri sana, kama mtu anayemwandikia fundi."

Hakulia. Mimi pia sikulia. Nilimwandikia jibu alilotaka, la mistari mitano, akaniambia somo limeisha.

Sasa nikuambie kwa nini sikujibu barua yako. Unakumbuka nilipopiga simu Agosti, siku ya mvua, ukawa jikoni, Kageha akaishika simu. Nilimwambia ni mimi. Akaiweka kando nikamsikia akiita, "Mama, anti wa Nairobi amepiga!" Wewe ulikuja ukaongea nami habari za ng'ombe. Sijui kama ulisikia alivyosema. Sijakasirika, Senge. Mtoto humwita mama yule anayemfunga vifungo asubuhi, na aliyekuwa akivifunga ni wewe. Nilimaliza simu, nikamwogesha Job, nikapika. Nilingoja uchungu uje. Haukuja, bado haujafika. Kuna kitu tu kimekaa hapa kifuani kama ugali uliopoa, na nimekizoea.

Katika barua yako uliniandikia kwamba mtoto amezoea, kwamba mimi sina nafasi, nimwache amalizie nasari hapo, na nikipata kazi ya kueleweka ndio tuzungumze. Ulisema kwa wema. Mimi mwenyewe nilikuwa nasema maneno hayo hayo. Kazi kwanza, cheti kwanza. Lakini nimemsikia mzee Matheka na makaratasi yake, na sitaki kusema hivyo tena. Huenda nitafaulu. Huenda nitarudia mtihani, huenda nitarudi kwenye ufagio. Kageha atakuwa hapa wakati huo. Nataka aje na Patrobas tarehe 21, kabla ya mtihani. Mama Mumo wa mlango wa pili atakaa nao wote wawili nikiwa kazini, na nasari iko hapa nyuma ya kanisa, nimeshaongea na mwalimu.

Najua ninachokuomba. Najua nyumba yako itakavyokuwa jioni hiyo. Umemlea vizuri, na likizo za Agosti na Desemba ni zako, sitakunyima hata moja. Aendelee kukuita mama, sitamrekebisha. Mimi ataniita anavyotaka mpaka azoee. Lakini mtoto ni wangu, Senge, na ninamtaka. Usinijibu kwa simu. Kwa simu utalia, mimi nitasema niko sawa, na tutaachia hapo.

Nisalimie mjomba Nabiswa na mke wake, na mama wa kanisa Lydiah aliyemshonea Kageha nguo ya Pasaka. Mwambie Patrobas nitampikia samaki. Mungu alishike goti lako na mikono yako, na asikuachie nyumba baridi. Chini ya jina langu nimebandika orodha niliyoiandika wiki iliyopita, kabla sijapata nguvu ya kuandika barua yenyewe.

Mimi uliyenibeba kabla hujambeba binti yangu, nikupendaye daima,

Mideva

Vya kuleta na Patrobas, Ijumaa tarehe 21. Usajili wa mtihani unafungwa Jumatatu yake.

Cheti changu cha sekondari, chenyewe, si kopi. Kiko kwenye sanduku la bati, ndani ya bahasha ya kaki, chini ya vitambaa vya mama.

Cheti cha kuzaliwa cha Kageha na kadi yake ya kliniki.

Kitabu chake cha nasari, hata kama amekichora chora.

Sweta yake ya kijani. Ikiwa inambana, Job ataivaa.

Wimbi kidogo la uji, lile la kwako, la hapa lina mchanga.

Uniandikie kwenye karatasi anachokula asipotaka kula, anachoogopa, na unamwambia nini ndio alale.

Mguu wake wa kulia, asimame juu ya gazeti umchore kwa kalamu kuzunguka, ukunje vizuri.

Hilo la mwisho nimelikata, Senge. Usichore kitu. Mvalishe soksi za joto, akae upande wa dirisha. Nitampeleka Kariokor asimame mwenyewe juu ya ngozi.