Utitiri wa Chatu na Ruhusa ya Arusi

Iringa

Mama yangu mpendwa,

Ugonile, mama. Goti lako limekubali sasa kupanda kilima cha kanisa, au bado linakuchagulia ibada za karibu? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Nawe mwalimu unayemsomea, shikamoo. Tafadhali usiruke habari za nyoka, maana mama atajua.

Ulisema mtoto anayelisha nyoka wa Kizungu asiingie kwako kabla ya kuombewa. Mama, chatu huyu si Mzungu. Aliokotwa Ruaha Mbuyuni angali mdogo. Mzungu ni memsabu ninayemfanyia kazi, ndiye anayemfuga.

Basi chatu aliingiwa na utitiri, ndugu wa ule wa kuku wako, vidoa vyeusi vikitembea chini ya magamba na kuzunguka macho. Akakataa kula, akawa anashinda ndani ya bakuli lake la maji. Memsabu akaniambia arusini kwa mdogo wangu Atupele nitakwenda, lakini kwanza chatu apone, tena apatikane mtu wa kumtunza. Mtu mwenyewe ni mmoja tu, Mzee Mhongole mpishi, Mhehe, ambaye hajawahi kuvuka mlango wa chumba cha chatu. Kazi yake ni kunitania kwamba Mnyakyusa akikosa ng'ombe huchunga hata nyoka.

Nikafanya kama ufanyavyo wewe kuku anapoatamia kwenye utitiri. Kwanza nikamhamisha mwenyewe, nikamlaza katika karai la maji ya vuguvugu, kichwa nje, wadudu wakaelea. Majani ya sanduku lake la kulalia nikayachoma. Sanduku nikalisugua kwa sabuni, nikamimina maji yanayochemka katika kila ufa, nikalianika juani.

Nilipogeuka tu, Mzee Mhongole akanisaidia bila kuombwa: akalipaka lote mafuta ya taa, kama wanavyopaka vitanda vyenye kunguni. Memsabu aliponusa akakaa chini, pale pale kwenye ngazi. Nyoka hulala tumbo juu ya mbao, mama. Mafuta yale yangemwua kabla utitiri haujamaliza kazi. Nikaanza upya, sabuni, maji ya moto, jua, mpaka pua ya memsabu iliporidhika.

Wakati huo chatu hakuwa na pa kulala, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka uani. Nikamtafuta, karaini hayumo. Nikamkuta jikoni, ndani ya gunia la unga, si mbali na moto, na Mzee Mhongole anamfukuza paka: "Toka hapa, mgeni amelala."

Nilijifanya sikusikia.

Usafi tumeurudia, kwa kuwa mayai ya utitiri hayamalizwi na maji ya mara moja. Ndani nimetandika karatasi nyeupe ili doa lisijifiche. Leo karatasi ni safi, na chatu amekula panya. Aliyempelekea ni Mzee. Akaniambia, "Nenda ukamwoze mdogo wako. Mikono yako ya baridi, hata nyoka amechoka nayo."

Memsabu ameitikia.

Nisalimie shangazi muuza maziwa, na mjomba mwashi, mwambie suruali yake naileta. Bwana arusi mwambie namtazama.

Nguo zangu nimezichemsha, mama, na mwili nimeusugua kama lile sanduku. Mafuta ya taa sikupaka. Kwa hiyo nikifika nyumbani Ilomba unikumbatie kwanza, maombi yafuate.

Ni mimi mwanao,
Anyosisye