Nyeusi Ikizama, Irudishwe

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu ulinilea hivyo, usidhani hasira imeisha. Haijaisha. Ni wiki ya tatu tangu tukuzike, na bado nikisonga ugali mume wangu ananiuliza hiyo sufuria imenikosea nini.

Nianze na mlango wa stoo. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Unakumbuka msimu ule wa ngano, madereva wa trekta na wa mashine za kuvunia walipojaa Basotu, na kila jioni wanakuja kwenye meza yetu ya pool pale bandani? Kila mmoja alikuja na sheria za kwao. Wa Karatu anasema ukivunja, yaani ukipiga lile pigo la kwanza la kutawanya mipira, ile nyeusi ya namba nane ikazama, umeshinda. Wa Singida anasema hapana, umeshindwa, toka. Mwingine aliyejifunzia mjini anataka tuhesabu mipira mingapi imegusa ukingo, na isipofika minne pigo halihesabiki. Minne! Kwenye meza iliyoinama upande wa ziwa, mguu wake mmoja umesimama juu ya tofali! Siku dereva mmoja alipomvunjia mwenzake fimbo mgongoni kwa ajili ya pigo la kwanza, yaani mchezo wenyewe haujaanza, ulizima redio ukasema inatosha.

Ukaniita. "Wewe una mwandiko. Lete rangi."

Ukataja, nikaandika kwenye mlango wa stoo, pale kando ya meza, mistari mitatu tu. Vunja kwa nguvu zako, mipira ikiachana inatosha. Nyeupe ikizama, mwenzako aiweke nyuma ya mstari. Nyeusi ikizama, irudishwe, uvunje tena.

Yule wa Karatu alilalamika kwamba umeua utamu wa mchezo. Ukamjibu, "Pigo la kwanza mtu halengi, anatawanya tu. Utamhukumuje kwa kitu ambacho hajakilenga?" Nilikuwa nimesimama na brashi, rangi imefika mpaka kwenye kiwiko, nikajisemea moyoni kwamba Hanang nzima hakuna mtu wa haki kama baba yangu. Na ugomvi uliisha kweli. Watu walikuwa wakianza kubishana mtu ananyoosha kidole tu mlangoni, wanapanga mipira upya.

Mvua za kwanza zilipokuja ukanipandisha kwenye trekta yako. Nilikuwa nakuomba tangu darasa la saba. Ukanionyesha klachi, ukanionyesha gia, ukashuka. Nililima mstari mmoja, Baba, mmoja tu. Kwenye kugeuza, gurudumu la mbele likaingia kwenye korongo na plau ikapinda. Hakuna aliyeumia, hata kuku hakufa. Wewe ukaja unatembea taratibu, madereva wote wanatazama, ukasema, "Shuka. Wewe mchezo wako umeisha."

Asubuhi yake nikakuamkia, hukuitikia. Siku tatu nilisema shikamoo nikiuambia mgongo wako.

Halafu ikaja zamu ya mdogo wangu Danieli. Siku yake ya kwanza aliangusha uzio wa kanisa. Ukacheka mpaka ukashika mbavu. "Kosa moja haliachi mke," ukasema, ukamrudisha kwenye usukani siku hiyo hiyo. Mara ya pili alibomoa choo cha jirani, na jirani mwenyewe aliponea chupuchupu. Ukamrudisha tena. Kwa hiyo sheria uliijua! Uliijua kwa madereva usiowajua hata majina ya baba zao, uliijua kwa Danieli. Mimi niliyeiandika kwa mkono wangu ndiye haikunihusu.

Nikaolewa Gendabi. Kila mwaka mvua zikishuka namsubiri Danieli amalize mashamba ya watu ndipo afike kwangu, na akifika udongo umeshakauka. Nimewahi kuvuna magunzi, Baba. Nilikuwa nayatazama kwenye kihenge, najua kabisa ningekuwa na usukani siku mbili tu ningepanda kwa wakati. Simlaumu Danieli, ana trekta moja na wateja wengi. Nakulaumu wewe.

Nilijaribu kukuambia. Ulipolazwa hospitali ya Haydom nilikaa kando ya kitanda chako siku nne. Siku ya mwisho nikajikaza nikasema, "Baba, unakumbuka siku ile ya trekta?" Ukanitazama weee, kisha ukauliza, "Umekula?" Nikasema nimekula. Ukafumba macho. Unamfanya nini mtu wa namna hii? Nililia chooni, na sikulia kwa huruma, nililia kwa hasira.

Jumapili iliyopita ukoo ulikaa. Baba Mdogo akatangaza kwamba trekta ni ya Danieli, na mimi nichukue meza ya pool, "ya kumkumbuka mzee." Nikasema meza sitaki. Nataka siku mbili kila msimu, nilime shamba langu kwa trekta ile, niendeshe mimi mwenyewe.

"Mwanangu," akasema, "si ulishaitumbukiza korongoni?"

Nikanyanyuka. Nikaenda stoo, nikaung'oa ule mlango kwenye bawaba, nikauburuta mpaka katikati ya wazee. Nikamwambia Danieli asome kwa sauti. Akasoma. Mstari wa tatu sauti yake ikapungua, akarudia bila kuambiwa. Ndipo Mama, ambaye siku ile ya korongo alisimama na ndoo ya uji asiseme neno, akasema, "Danieli, mpe dada yako ufunguo."

Jana nimelima. Mstari wa kwanza umepinda kama mkojo wa ng'ombe anayetembea, na injini ilinizimikia mara nne. Majirani zetu wafugaji walisimamisha mifugo yao kunitazama. Kwenye kugeuza nikakusikia kabisa nyuma ya sikio langu, "Shuka." Sikushuka, Baba. Nilirudi nyuma kidogo, nikageuza upya, nikalima hadi mwisho wa shamba. Miaka kumi na sita ningekuwa nafanya hivyo. Hiyo ndiyo inaniuma, kwamba haikuwa ngumu kiasi kile.

Mlango nimekuja nao Gendabi, nimeufunga kwenye stoo yangu. Wewe pumzika. Nikisema nimekusamehe nitakuwa nakudanganya, na hukunilea niwe mwongo. Ila ile shikamoo niliyoanza nayo ni ya kweli, na safari hii nasubiri uiitikie.

Mimi mwanao wa kwanza