Kibao cha Bustani ya Waridi

Jumanne, tarehe 11

Kaka yangu,

Huku hatujambo. Paa limeacha kuvuja, na mama anakusalimu.

Juzi Jumapili nilimpeleka baba kwenye zile bustani za mji mkongwe alizozitunza miaka thelathini na moja. Zimependeza, sikatai. Siku hizi macho yake yanaona rangi tu, lakini alipapasa shina la mwaridi akasema, "Huu niliupanda mimi."

Mlinzi akamfokea. "Mzee, maua si ya kushikwa."

"Haya, mwenye maua," baba akamjibu, akacheka.

Kisha akasimama mbele ya kibao kipya. "Hebu nisomee, mwanangu."

Kibao kinasema bustani ilipandwa na idara yako, na chini yake kuna sahihi yako. Mzee aliyekusomesha kwa waridi hizo hatajwi popote. Ulikaa ofisini, kalamu mkononi, ukamruka baba yako mzazi. Huna haya?

Nilisoma kwa sauti jina la baba, ambalo halipo. Akavua kofia.

Uongo huo nimeuandika kwenye shajara yangu, pamoja na tarehe yake. Sasa baba amewaalika wenzake wa zamani waende kukiona kibao Jumamosi, tarehe 22. Hao macho yao ni mazima, na kusoma wanajua.

Usiniletee habari za vikao. Una siku kumi na moja. Mimi jina lake nimeshalitamka, wewe liandike.

Ni mimi mdogo wako, niliyebaki na baba